Mtoto aliyefiwa: nani wa kumsikiliza kijijini?

Msikilizaji, fikiria mtoto wa miaka tisa ambaye baba yake amefariki kwa ajali ya bodaboda kwenye barabara kuu ya Segera. Arobaini imepita, ndugu wamerudi makwao. Lakini mtoto anashtuka usiku akipiga kelele. Ameanza tena kukojoa kitandani. Akisikia mlio wa pikipiki anakimbilia ndani. Shuleni anasinzia, mwalimu anamwona mvivu. Nyumbani wapo wanaosema ana mashetani.

Wataalamu wanaiita hali hii kiwewe. Si kila mtoto anayefiwa anakipata. Kulia na kukosa hamu ya kula siku za msiba ni kawaida. Kiwewe ni pale mwezi unapopita na zaidi, na tukio bado linamrudia mtoto katika ndoto na mawazo, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtuka ovyo, na masomo au michezo inamshinda.

Swali kwetu Handeni na Korogwe ni hili: nani atamsaidia? Wanasaikolojia tiba ni wachache nchini, na wengi wako mijini. Kweli, Korogwe tunayo Lutindi, kule milimani. Wamisionari wa Kijerumani walianza pale mwaka 1896 na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ipo hadi leo. Lakini hatuwezi kumpandisha Lutindi kila mtoto aliyefiwa.

Jibu moja limetafutwa si mbali na sisi, mkoani Kilimanjaro.

Mwanasaikolojia tiba Shannon Dorsey, wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza namna ya kuwafikishia tiba ya kiwewe watoto wasio na daktari karibu. Kwao alianza na watoto wanaolelewa na familia zisizo zao. Kisha yeye na wenzake, wakiwemo Watanzania na Wakenya, wakaileta tiba hiyo Moshi na Bungoma, kwa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili.

Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, wakafundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, vikao 12, na walezi wao wakawa na kikundi chao. Mtoto alijifunza kutuliza mwili, kutaja anachohisi, na kusahihisha mawazo kama "baba amekufa kwa sababu nilimkosea". Halafu, katika vikao vichache vya peke yake, alisimulia kidogo kidogo jinsi mzazi alivyofariki, na mwisho mlezi naye akaisikia habari hiyo.

Jaribio la kwanza Moshi, lililotangazwa mwaka 2014, lilikuwa na watoto 64, na dalili zao zilipungua. Lakini halikuwa na kundi la kulinganisha. Huenda wangepona wenyewe kwa kupita muda. Ndiyo maana likafuata kubwa zaidi, la watoto 640, nusu wakipata tiba hii na nusu huduma za kawaida za yatima. Matokeo yalitoka mwaka 2020.

Hapa ndipo penye jambo la kutafakari. Vikao vilipoisha, waliopata tiba walikuwa na nafuu kubwa zaidi Bungoma mjini na vijijini, na Moshi mjini. Vijijini upande wa Tanzania, tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja, Kenya tofauti ilibaki kubwa. Tanzania, mjini na vijijini, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Je, tuseme tiba haina kazi kwetu? Mimi sioni hivyo. Watafiti walieleza kwamba watoto wa upande wa Kenya waliishi katika shida zaidi, ikiwemo uhaba wa chakula. Mtoto ambaye mazingira yake yanaendelea kumuumiza ndiye aliyehitaji tiba zaidi. Aliyepata utulivu, watoto wengi wa aina yake walipata nafuu hata bila vikao. Kwa hiyo swali la kwanza kijijini si "tiba iko wapi?" bali "mtoto huyu anaishije baada ya msiba?" Anakula? Analala kwa nani? Anapigwa kwa kukojoa kitandani? Kuna mtu anayemtajia jina la baba yake?

Wengi wetu humwambia mtoto "baba amesafiri" tukidhani tunamlinda. Tiba hii inafanya kinyume: inamwambia ukweli kwa upole na kumpa nafasi ya kuusema. Hilo mlezi anaweza kulianza leo. Asimlazimishe kusimulia, lakini mtoto akianza, asimnyamazishe.

Dalili zikizidi mwezi, au mtoto akizungumzia kujiua, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kila kitu, si homa tu.

Na viongozi wetu wana somo lao. Baada ya hapo, Dorsey na wenzake walikwenda kupima Bungoma kama walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuifanya kazi hii. Walimu na wahudumu hao hata Handeni na Korogwe wapo. Kinachokosekana ni mafunzo, na mtu wa kuwasimamia.