Bundi Arukaye Usiku, na Picha Zake

Katika Kisii na Nyamira bundi akitua juu ya paa usiku, wenye nyumba huamshana. Mmoja hutoka na kijinga cha moto ili amfukuze, mwingine huuliza ni nani aliye mgonjwa katika ukoo. Ikiwa juma hilohilo mtu amefariki, hata kama ni kijiji cha pili, bundi ndiye atakayetajwa. Lakini miongoni mwa wote wamwogopao, ni wachache mno waliopata kumwona akiruka. Humsikia akilia, kisha humwona ametua. Alivyofika pale hakuna ajuaye, na hapo ndipo hofu ilipopata nafasi ya kukaa.

Sababu ya kutosikika kwake imo katika manyoya. Ukingo wa mbele wa bawa lake una meno madogo kama ya kitana, ukingo wa nyuma una nyuzi laini, na juu ya bawa pamefunikwa na malaika kama ya mahameli. Upepo upitapo hapo hukatika-katika na mlio wake hufifia. Panya hasikii kitu mpaka makucha yamemfikia.

Basi wako watu ambao kazi yao ni kumpiga picha bundi angali hewani, na wengi wao huifanya kazi hiyo katika nchi za baridi kama Ufini, Kanada na kaskazini ya Japani, misitu inapofunikwa na theluji. Msomaji aweza kushangaa kwa nini mtu ajitese kwa baridi kiasi hicho. Theluji humsaidia kwa mwanga wake: nuru ya jua huigonga na kurudi juu, ikaangaza tumbo la ndege na chini ya mabawa, mahali ambapo penginepo pangekuwa kivuli kitupu. Hapo kamera yaweza kufunguka kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde tu, na kila unyoya ukaonekana. Tena kule yuko bundi mkubwa wa kijivu awezaye kumsikia panya anayetembea chini ya theluji asiyoiona jicho, akajitupa miguu mbele na kumtoa. Mnamo Januari 2016 kamera ya serikali iliyowekwa kuangalia magari mjini Montreal ilimnasa bundi mweupe amekunjua mabawa mbele yake. Picha ile ilizunguka dunia nzima, wala hapakuwa na mtu aliyeipiga.

Wengine wameilipia kazi hii kwa gharama kubwa. Bwana Eric Hosking, Mwingereza, alikuwa akipiga picha za bundi huko Wales mwaka 1937, na usiku mmoja ndege yule alimrukia usoni akamtoboa jicho la kushoto. Jicho lilitolewa na madaktari. Hakuacha kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia taa ya umeme imulikayo kwa kitambo kifupi kama radi, na mwaka 1948 akapata picha yake mashuhuri: bundi mweupe, mabawa yameinuliwa, na panya mdomoni.

Huku kwetu theluji iko mbali. Iko Mlima Kenya, na katika nyika za baridi za mlima ule yupo bundi mkubwa aliyepewa jina la Bwana Halford Mackinder, aliyefika kilele chake mwaka 1899. Kisii na Nyamira ni nchi ya mvua, migomba na majani ya chai. Jua likitua giza huingia upesi, wala hakuna weupe chini wa kurudisha nuru. Lakini yule bundi wa Bwana Hosking, mwenye uso mweupe mfano wa moyo, anakaa Afrika pia. Hupenda dari za makanisa na maghala, na mara nyingine hutwaa kile kiota kikubwa cha vijiti kinachojengwa na fundichuma. Mlio wake ni kama kitambaa kinachopasuliwa. Hutoka kwa tundu lilelile, karibu saa ileile kila jioni, na jambo hilo ndilo linalompa mpigapicha nafasi. Kamera husimamishwa mapema juu ya miguu mitatu, ikielekezwa njiani mwake, na mwali usioonekana kwa macho hupitishwa mbele ya tundu. Ndege akiukata, kamera hujifungua yenyewe.

Kinachoonekana katika picha za namna hiyo ni ndege anayerudi kwa watoto wake, na katika makucha yake mkia wa panya unaning'inia. Jamaa moja ya bundi hawa huweza kula panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Mkulima aliyepata kufungua ghala lake mwezi wa tatu akakuta magunzi na mavi ya panya atajua hesabu hiyo ina maana gani. Na asiye na kamera ana ushahidi mwingine: bundi humeza panya mzima, kisha hutapika madonge ya manyoya na mifupa. Donge moja likilowekwa majini na kuchambuliwa kwa kijiti, mafuvu ya panya huhesabika mezani.

Hofu ya usiku si jambo la kuchekwa, kwa maana haiishii kwa ndege. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na watu waliowashuku kuwa wachawi. Hakuna picha ya bundi iwezayo kumrudisha hata mmoja wao. Ila watu waliokwisha kuona bundi amebeba nini wamepungukiwa na kitu kimoja cha kusingizia.

Wapigapicha nao wana makosa yao. Katika nchi za theluji wako wanaomtupia bundi panya hai ili ashuke mbele ya kamera. Ndege huzoea kusubiri kando ya barabara, na gari humgonga. Huku, kijana mwenye simu apandaye darini na kurunzi aweza kuwafanya makinda waanguke kabla hawajajua kuruka.

Lakini linalohitaji kutazamwa zaidi ni sumu ya panya inayouzwa madukani. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu isigande, na panya aliyeila hafi mara moja. Hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, hakimbii, hajifichi. Huyo ndiye rahisi kuliko wote kukamatwa, na bundi humchukua akampelekea makinda yake.