Picha Nyepesi, Nukta Kamili

Mwalimu anayefundisha tenzi za kale mtandaoni ana wanafunzi wa aina mbili: yule mwenye kompyuta na intaneti ya kasi, na yule anayesoma kwa simu na bando la kununua. Ukurasa mmoja wa mswada uliopigwa picha kwa ubora wa juu huweza kufikia megabaiti kadhaa. Kurasa 20 za namna hiyo zaweza kummalizia huyu wa pili bando lake kabla hajausoma ubeti wa kwanza.

Kwa kumhurumia, wengi wetu huibana picha hadi ikawa nyepesi kama unyoya. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Miswada hiyo iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambamo b, t na th zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mfumo wa JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kutupa yale madogo ambayo jicho halitazamiwi kuyakosa. Katika picha ya machweo ya Lamu hasara hiyo haionekani. Katika mswada, kinachofifia ni nukta, na nukta ikififia, bata husomwa tata. Mwanafunzi ataulaumu uzito wa akili yake, kumbe kosa ni letu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa naona zote mbili zashikika. Kwanza, linaloweza kuchapwa lisipigwe picha: ubeti wa utenzi, vipande vinne vya mizani 8, ukichapwa kwa herufi za Kilatini hauzidi baiti 200. Pili, tuukate ubeti unaofundishwa, tuziache pambizo. Tatu, tupunguze vipimo kabla ya kubana: upana na urefu vikipungua kwa nusu, pikseli hubaki robo. Nne, wino mweusi juu ya karatasi hauhitaji mamilioni ya rangi. PNG yenye vivuli vichache vya kijivu huwa nyepesi na huhifadhi kingo za herufi.

Picha asili tusiifute. Tuiwekee kiungo chake, na uzito wake uandikwe kando, ili anayeipakua ajue anachokilipia.

Kisha, kabla ya kuliweka somo hewani, mwalimu na alifungue kwenye simu ya bei nafuu, azihesabu nukta. Zikihesabika, picha imetosha. Zisipohesabika, wepesi wake haumfai mtu.