Mbegu, si Sindano: Tuwaeleze Wagonjwa Ukweli Kuhusu Kuku wa Kisasa

Mama mmoja mjamzito kutoka Usoke, mkoani Tabora, alinijia akiwa na upungufu wa damu. Pamoja na vidonge vya madini ya chuma, nilimshauri ale nyama na mayai kadiri awezavyo. Akanijibu kwa upole: "Daktari, kuku wa kienyeji bei yake siimudu, na huyu wa kisasa nimekatazwa, kwa kuwa anadungwa homoni." Nilipomwuliza ni nani aliyemkataza, alisema ni mhudumu wa afya. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwani kosa limetoka kwetu.

Mshangao wa watu wa Usoke una msingi. Kuku wa asili wa Unyamwezi, aina ambayo wataalamu wa mifugo huiita Singamagazi, ni miongoni mwa kuku wenye maumbo makubwa nchini, lakini hata yeye huchukua miezi mingi kufikia uzito wa kuchinjwa. Kuku wa nyama wa kisasa huwa tayari katika wiki tano au sita. Anayeona tofauti hiyo hudhani kuna dawa ya siri. Siri ipo, ila imo ndani ya yai.

Katika siku 21 za kuatamiwa, seli changa za kiinitete hupokea amri za jeni. Jeni iitwayo Pax7 hutunza seli za akiba. Jeni za Myf5 na MyoD hutengeneza protini zinazoiamuru seli iwe ya misuli na si ya kitu kingine. Kisha protini ya miojenini huziongoza seli hizo ziungane na kuwa uzi mmoja mrefu. Kifaranga anapoangua, idadi ya nyuzi zake za misuli imekwisha kukamilika kwa kiasi kikubwa. Baada ya hapo misuli hukua kwa nyuzi hizo kunenepa: seli za akiba hujiunga nazo na kuziongezea viini, navyo huongeza utengenezaji wa protini. Zipo protini zinazochochea kazi hiyo, na ipo nyingine, miostatini, iliyogunduliwa mwaka 1997, ambayo huizuia isivuke kiasi. Mfumo huu kwa sehemu kubwa ndio uliomo ndani ya mwili wa binadamu pia.

Wazalishaji wa mbegu za kuku walichofanya ni kuchagua. Kizazi baada ya kizazi, kwa miongo mingi, walizalisha kutokana na kuku waliokua upesi na wenye kidari kipana, na hivyo wakakusanya pamoja tofauti ndogo ndogo za jeni nyingi. Ushahidi wake uko wazi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuga pamoja kuku wa mbegu tatu kwa chakula kilekile. Wakiwa na siku 56, kuku wa mbegu ya mwaka 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905. Wa mwaka 1978, gramu 1,808. Na wa mwaka 2005, gramu 4,202. Kilichotofautiana ni mbegu. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa kuku hawa malezi yalikuwa mamoja, ukuaji ukawa mbalimbali.

Isitoshe, homoni ya ukuaji ni protini. Ikichanganywa katika chakula, humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Ili ifanye kazi ingebidi kila kuku adungwe mara kwa mara, na hakuna mfugaji wa maelfu ya kuku anayeweza kumudu gharama na kazi hiyo.

Sisemi kwamba kuku wa kisasa hana dosari. Ukuaji wa kasi humletea udhaifu wa miguu, matatizo ya moyo na wakati mwingine ugumu wa minofu ya kidari. Wala sisemi kwamba mabanda yote ni salama. Hatari ninayoihofia mimi ni dawa za kuua bakteria. Mfugaji huweka oksitetrasaiklini katika maji ya kuku bila ushauri wa daktari wa mifugo, kisha huwauza kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa hazijatimia. Masalia ya dawa hubaki katika nyama na mayai, na kuyapika si hakika kuwa kutayaondoa. Bakteria waliozoea dawa hiyo bandani huweza kumfikia binadamu, na siku akiugua, dawa hukataa kufanya kazi. Nchini Uganda, mwaka 2023, Bunge lilielezwa kuwa hata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zikipewa nguruwe na kuku. Hofu ya homoni hutufumba macho tusiyaone haya.

Kwa hiyo nawaomba wahudumu wenzangu tuache kumkataza mgonjwa chakula kwa sababu ya uvumi. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, mtoto mwenye utapiamlo na mgonjwa wa kifua kikuu wanahitaji protini, na kwa kaya nyingi kuku wa kisasa ndiye wanayeweza kumnunua. Tumshauri mnunuzi amwulize mfugaji swali moja: "Kuku hawa walipewa dawa lini mara ya mwisho?" Tumshauri pia aipike nyama hadi iive kabisa na anawe mikono baada ya kuishika ikiwa mbichi. Kwa wafugaji, tusisitize chanjo, hasa ya mdondo, na usafi wa banda, ili haja ya dawa ipungue.

Yule mama wa Usoke nilimwambia ale kuku wa kisasa. Ningependa akirudi kliniki aambiwe jambo hilohilo na kila atakayempokea.