SAA YA MCHEZO TUSIIUZE



Mwezi uliopita mwajiri mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa mazungumzo naye bado yanaendelea, aliuzungushia seng'enge uwanja wa wafanya kazi wake ili apate mahali pa kuweka malori. Hilo halikutushangaza. Lililotushangaza ni maneno ya baadhi yetu mkutanoni: "Mwacheni, mpira ni mambo ya watoto. Sisi twataka nyongeza ya mshahara."

Nyongeza twaitaka na tutaidai. Lakini twawauliza ndugu hao: mtu akitoka kazini jioni, naye hana hata saa moja ya kucheka na wenzake, ana tofauti gani na mashine iliyozimwa mpaka asubuhi?

Tazameni baraza yoyote ambako bao huchezwa. Bao la Pwani lina mashimo 32 na kete 64, wala haliulizi umri. Mzee aliyestaafu zamani humfunga kijana mbele ya watu. Kijana hucheka, kisha humwomba mzee amwonyeshe alivyomtega. Mzee huyo hurudi kwake akijua kuwa bado ni mtu wa maana. Mwenzetu Mjaluo ana mchezo wa jamii hiyo auitao ajua, na Mkikuyu ana giuthi. Wakikaa pamoja hubishana kwanza juu ya kanuni za nani zifuatwe, na katika ubishi huo ndimo wanamojuana. Wasio na bao huchora drafti juu ya katoni wakacheza kwa vizibo vya soda. Hata msimamizi akiketi hapo hufungwa kama mtu mwingine, na twakiri kuwa hilo hutupendeza sana.

Watu waliozoea kucheza pamoja hawagawanyiki upesi siku ya matata. Januari 1947, wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa walipogoma, walikuwa wakikutana katika uwanja wa mpira ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Uwanja ndio uliokuwa jumba lao. Huyu wa malori labda ana shida ya nafasi tu. Sisi twahesabu hasara nyingine.

Na nyumbani je? Wako wenzetu wanaofanya ovataimu kila Jumapili, wakirudi wakuta watoto wamelala. Pesa zaonekana, lakini mtoto humwamkia baba yake kama anavyomwamkia mgeni, na mke hana la kuzungumza naye ila karo na kodi ya nyumba. Hatuwalaumu, bei ya unga twaijua sote. Lakini baba akipiga mpira wa makaratasi na wanawe nusu saa tu, watoto watamweleza mambo ambayo asingeyapata kwa kuwauliza. Mama mmoja mwanachama wetu, aliyepita miaka hamsini, huruka kamba na wajukuu wake uani. Majirani humcheka. Yeye asema mgongo humuuma kidogo kuliko zamani, na wajukuu hawambanduki.

Tena jambo hili si la kuomba. Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 24, lilikwisha kusema kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kustarehe. Mtu aiuzaye likizo yake kila mwaka humfundisha tajiri kuwa hakuna anayeihitaji.

Basi katibu ameagizwa kuupeleka ule uwanja mezani pamoja na mshahara, si baada yake. Wenye mabao ya akiba na wayalete ofisini Jumamosi saa nane. Kete chama kitanunua.