Msiitupe Miwani ya Kijana Wenu



Ndugu zangu katika imani, mama mmoja anayeishi Uingereza ameniandikia. Kijana wake ana miaka 20, na daktari amesema ana sonona. Miezi mingi alikuwa hatoki chumbani, hali vizuri, hasemi na mtu. Kisha akanunua miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo vijana huiita VR. Sasa kila jioni anaivaa, anarusha ngumi hewani, anainama, anakwepa, jasho linamtoka. Mama anasema: "Ustadhi, akimaliza anakuja jikoni, anakula, anaongea nami. Lakini baba yake anasema huo ni upuuzi, anataka kuitupa. Tufanye nini?"

Jibu langu: msiitupe.

Zamani nami nilikuwa nikiwaambia vijana wa aina hii, "Ongeza swala, imani yako ni ndogo." Mmoja aliniitikia kwa adabu, akaondoka, hakurudi tena. Nilikosea, namwomba Allah anisamehe. Nabii Yaaqub (alayhi salaam) alihuzunika mpaka akapoteza nuru ya macho. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo?

Sasa izingatie dua aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliomba kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni, na hapo hapo akataja kutojiweza na uvivu. Subhanallah! Mwenye sonona anaijua hali hiyo: huzuni inamlaza kitandani, na kulala kunamzidishia huzuni.

Mwili ukisogea, kamba hiyo huanza kulegea. Mwaka 2022 taasisi ya NICE, inayowaelekeza madaktari wa Uingereza, iliyataja mazoezi ya kikundi miongoni mwa matibabu ya sonona isiyo kali. Lakini aliyeshindwa hata kufungua mlango, kundi atalifikiaje? Miwani hii inamwinua pale pale alipo. Hiyo si sawa na gemu ya kukaa kwenye kochi ukisogeza vidole usiku kucha.

Utasema, "Shehe, michezo ni ya watoto." Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamwacha Bi Aisha (r.a.) awatazame. Yeye mwenyewe alishindana naye mbio.

Pamoja na hayo, yapo masharti:

1. Swala kwanza. Adhana ikilia, miwani inavuliwa.

2. Mchezo uwe safi: usiwe na uchafu wala kamari. Ipo ya ngumi na ya tenisi, na muziki unaweza kuuzima.

3. Isichukue nafasi ya daktari wala dawa. Na kijana akitamka kwamba anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Wengi wetu tunawalea wavulana wasilie, kisha tunashangaa hawakusema.

4. Miwani iwe mlango wa kutokea, isiwe nyumba ya kuishi. Leo ngumi chumbani, kesho matembezi na nduguye, keshokutwa alfajiri msikitini pamoja na watu.

Nawe uliye Tanga au Mombasa usiye na uwezo wa kuinunua, hujakosa dawa. Mpira wa ufukweni ni dawa, kutembea ni dawa. Kamgongee mlango rafiki yako aliyepotea, umwambie, "Twende."

Na wewe baba, kabla hujaitupa hiyo miwani, ivae. Rusha ngumi mbili tatu mbele ya mwanao. Akikucheka, mshukuru Allah: miezi mingapi hujamsikia akicheka?

Allah awaponye vijana wetu, awape wazazi subira na hekima. Aamin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako.