Kumbi za Eastlands Zifunguliwe kwa Kila Mtoto

Haki ya mtoto kucheza imetajwa waziwazi katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na mkataba wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu ukasisitiza kwamba mtoto mwenye ulemavu anastahili kucheza sawa na wenzake. Kenya imeridhia mikataba yote miwili. Hata hivyo, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako familia nyingi huishi katika chumba kimoja, mvua ya masika ikishika na uwanja ukageuka tope, mtoto hubaki kitandani akikodolea macho televisheni. Pahali pa kuchezea penye paa papo katika majumba ya biashara, lakini huko mzazi hulipishwa kwa saa, na mwenye watoto watatu hupiga hesabu mlangoni, kisha akageuka na wanawe.

Anayeumia zaidi ni mtoto mwenye ulemavu. Mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayomtatiza mtu kutawala misuli yake, hubebwa mgongoni hata anapokuwa mzito kumshinda mamake, kwa kuwa vidato vitatu tu vya mlangoni vinatosha kukizuia kiti cha magurudumu. Mwenye usonji, ambaye ubongo wake hupokea sauti na mwanga kwa namna yake, huzidiwa na kelele akalia, na watu wakamtazama mama kana kwamba ameshindwa kulea. Yakitokea hayo mara mbili tatu, mama huona heri amweke mtoto ndani, na majirani husahau kwamba nyumba ile ina mtoto.

Dawa haiko mbali. Kaloleni, mtaa wa Eastlands uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi wa jamii ambamo wanasiasa walikuwa wakikutana kabla ya uhuru, na Pumwani nako kuna wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti jukumu la vituo vya burudani na vya malezi ya watoto, na ukumbi unaofanyiwa harusi Jumamosi unaweza kuwa wa watoto, bila malipo, kuanzia Jumatatu. Mteremko wa kiti cha magurudumu huhitaji mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kupanda. Vidato vitatu vyenye kimo cha sentimita 45 kwa jumla vitahitaji mita 5.4, kazi isiyomshinda mwashi na vibarua wake. Iongezwe mikeka, mipira laini, choo kinachoingilika kwa kiti hicho, na chumba tulivu, yaani chumba kidogo chenye mwanga hafifu anamopumzika mtoto aliyezidiwa kabla ya kurudi mchezoni.

Lisikubalike wazo la kuwatengea watoto wenye ulemavu siku yao peke yao, kwani huko ni kuwafungia tena, safari hii katika jengo la umma.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba inawapa wananchi haki ya kushirikishwa. Wazazi wote, wenye watoto walemavu na wasio nao, na waende pamoja katika vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti wakiwa wamekwisha kuupima mlango wa ukumbi wao, wadai mteremko, choo na mlezi aliyefunzwa viandikwe kwa jina la ukumbi na kiasi cha fedha, na wamfuate mwakilishi wa wadi hadi vionekane katika bajeti inayoanza kutumika tarehe 1 Julai.