Sangara Hakisiwi kwa Macho
Kwenye mialo ya Ziwa Victoria wapo wachuuzi wanaokisia uzito wa sangara kwa kutazama urefu, na anayeumia ni mvuvi. Samaki akirefuka mara mbili, hupanuka na kunenepa pia, hivyo uzito hufika takriban mara nane. Sangara wa sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, ana kilo moja na nusu hivi. Wa mita moja ana kilo kumi na kitu. Tena huyo ni aliyeshiba! Aliyekonda, kichwa kikubwa na tumbo limebonyea, huidanganya hata futi kamba. Urefu tuwaachie wakaguzi wa samaki wachanga. Mvuvi, ukitajiwa bei ya kukisia, dai mzani.